Kambi haionekani kwenye ramani: utatuzi wa matatizo ya upimaji wa kijiofizikia kwenye kambi za kazi za kulazimishwa

Mwongozo huu ni wa timu iliyopima mabaki ya kambi ya Vita Kuu ya Pili barani Ulaya kwa magnetomita (kipima sumaku), kifaa cha ukinzani wa umeme (hupima jinsi udongo unavyozuia umeme) au rada ya ardhini, ikarudi ofisini na ramani isiyosema lolote, au inayosema mno. Mara nyingi mashine ni nzima. Tatizo ni matarajio: watu hutafuta kambi kama ilivyokuwa mwaka 1943, ilhali ardhini kuna kile tu kilichosalia baada ya mabanda kubomolewa au kuchomwa, mbao kubebwa, na uwanja kulimwa au kupandwa miti.

Chukua Lager Sylt katika kisiwa cha Alderney, Visiwa vya Channel. Karibu wakazi wote waliondolewa Juni 1940. Mwaka 1942 Organisation Todt, shirika la ujenzi la utawala wa Nazi, ilijenga kambi nne na kuzipa majina ya visiwa vya Ujerumani: Borkum, Helgoland, Norderney na Sylt. SS, kikosi cha chama cha Nazi, iliichukua Sylt Machi 1943. Mwaka 1944 kambi ikafungwa na sehemu kubwa ikabomolewa. Kwa jicho la kawaida pamebaki nguzo za lango na vichaka. Chini ya vichaka kuna misingi, kuta za chini na njia ya chini kwa chini iliyounganisha nyumba ya kamanda na kambi. Hakuna kifaa kimoja kinachoona vyote hivyo.

Kwa hiyo, kabla ya kulaumu kifaa, weka mezani picha za anga za miaka ya 1940 (Waingereza, Wamarekani na Wajerumani wote walipiga nyingi) pamoja na vipimo vya mabanda yenyewe. Mabanda yalitengenezwa kiwandani kwa vipimo maalumu. Banda la farasi la jeshi, aina ya OKH 260/9, lililotumika kulaza wafungwa Birkenau (sehemu ya kambi ya Auschwitz), lilikuwa na urefu wa mita 40.76 na upana wa mita 9.56. Mabanda mengi ya mfumo wa RAD (utumishi wa kazi wa Ujerumani ya Nazi) yalikuwa na upana wa mita 8.14. Ukiona mistari miwili sambamba iliyoachana mita 8 na kitu, usiipite haraka.

## Ramani ya sumaku imejaa madoa meusi na meupe kila mahali

Chanzo ni chuma: misumari, seng'enge, bawaba, vipande vya majiko, mabati, makopo. Banda moja la mbao lililochomwa huacha misumari kwa maelfu. Ongeza takataka za miaka iliyofuata, kuanzia vipande vya plau hadi vigingi vya mahema, kwa kuwa baadhi ya kambi hizi leo ni viwanja vya kupigia kambi au mashamba.

Kosa linalofanywa hapa ni kukimbilia kichujio cha kuondoa vilele vikali. Kwenye makazi ya kale kichujio hicho kina kazi yake, kwa sababu chuma cha juu juu ni uchafu. Kwenye kambi ya mwaka 1943 chuma ndicho ushahidi. Ukikiondoa umeifuta kambi kwa mkono wako.

Fanya hivi. Chora data ileile mara tatu: kwa mizani ya ±5 nT (nanotesla, kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku), ±30 nT na ±150 nT. Ya kwanza itaonyesha mashimo na mitaro iliyojaa udongo, kama kelele zinaruhusu. Ya pili huonyesha matofali na udongo uliounguzwa. Ya tatu hubakiza chuma kizito peke yake, na hapo ndipo mpangilio hujitokeza: ukanda mnyoofu wa madoa (uzio), kundi la madoa lenye kingo za mstatili (banda lililoungua palepale), madoa makubwa yaliyopangwa kwa nafasi sawa katikati ya mstatili (majiko, au misingi yenye nondo).

Kisha pima upana wa kila doa kwenye nusu ya kimo chake. Kwa kitu kidogo kilichoshikana, upana huo hukaribia umbali kutoka kwenye kihisi hadi kwenye kitu. Kihisi kikiwa sentimita 20 juu ya ardhi na doa likawa na upana wa sentimita 40, hicho ni kitu cha juu juu. Doa lenye upana wa mita 2 lina kitu cha kina, au kitu kipana chenyewe, na inafaa kulipitia tena kwa rada.

## Vipimo vimegota kwenye namba moja

Ukiona eneo zima lina +100 au −100 bila kubadilika, kifaa kimefika mwisho wa masafa yake. Magnetomita nyingi za aina ya fluxgate huwa na masafa mawili, ±100 nT na ±1000 nT. Rudia mraba huo wa upimaji (eneo hugawanywa katika miraba) kwa masafa makubwa. Utapoteza usahihi wa sehemu ndogo za nanotesla, lakini kwenye kambi hauna kazi. Kama bado vinagota, sababu inaweza kuwa zege lenye nondo, bomba la chuma, au uzio wa leo. Uzio wa waya wa shambani huharibu vipimo kwa mita kadhaa kila upande. Gari lililoegeshwa huharibu zaidi, basi liwe mbali mita 20 au zaidi.

Lakini simama kwanza hapo. Viwanja vya ndege, reli na viwanda vilivyotumia wafanyakazi wa kulazimishwa vilipigwa mabomu, na doa moja kubwa, la duara, la kina, lisilo na mpangilio na majengo, linaweza kuwa bomu ambalo halikulipuka. Usichimbe wala kuchoma vijiti vya kifaa cha ukinzani juu yake. Ita mamlaka ya mabomu. Tena magnetomita haikuhakikishii usalama: mabomu ya ardhini ya Wajerumani yalikuwepo pia ya gamba la mbao na la kioo, ambayo yana chuma kidogo sana. Hati za jeshi za kusafisha eneo zisomwe kabla ya mtu kuingia na vijiti.

## Mistari ya zebra, au kingo zenye meno ya msumeno

Hizi ni kasoro mbili ambazo watu huzichanganya.

Zebra, yaani mistari inayopishana rangi kulingana na mwelekeo wa kutembea, hutokana na vihisi visivyolinganishwa vizuri au chuma mwilini mwa mpimaji. Kagua zipu, mkanda, viatu vyenye ncha ya chuma, miwani, simu, vifungo vya koti la mvua. Washa kifaa na ukiache dakika 20 hadi 30 kizoee joto la hewa kabla ya kukilinganisha. Chagua sehemu ya kulinganishia iliyo tulivu: zunguka nayo mita moja kila upande, na usomaji usitofautiane zaidi ya nanotesla moja. Ndani ya kambi sehemu kama hiyo huenda isipatikane. Toka nje, hata mita 100, kuliko kulinganisha juu ya misumari. Rudia kila jua linapobadilika sana.

Ofisini, kila mstari unaweza kurudishwa kwenye wastani wa sifuri. Hata hivyo kuna mtego: ukuta, bomba au uzio unaokwenda sambamba na mistari yako ya kupimia utafutwa pamoja na zebra. Ndiyo sababu mistari ipangwe ikate mabanda kwa pembe, kama digrii 30, na si kuyafuata.

Meno ya msumeno ni suala la mwendo. Mpimaji anayekwenda na kurudi hufika mahali palepale kwa sekunde tofauti. Programu inaweza kusogeza mistari ya kurudi kwa sentimita 25 au 50, ila marekebisho yanafaa tu kama kosa ni lilelile mraba mzima. Kwenye vichaka na mashina ya miti kosa hubadilika kila hatua; hapo pima kwa mwelekeo mmoja tu, au tumia GPS ya RTK (inayosahihishwa papo hapo hadi sentimita) panapoonekana anga. Nafasi ya mita 0.5 kati ya mistari na kipimo kila mita 0.125 inatosha: mraba wa mita 30 kwa 30 utakuwa na mistari 60 na vipimo 14,400. Mita 1 kati ya mistari ni akiba ya uongo kwenye kambi.

## Sumaku haionyeshi kitu, ingawa picha ya 1944 inaonyesha banda

Banda la mbao lililokaa juu ya vigingi au nguzo fupi, likafunguliwa vipande na kuhamishwa, halikugusa ardhi sana. Usitafute kuta. Tafuta vitu vilivyochimbwa au kukanyagwa: shimo la choo, mtaro wa maji machafu, njia ya changarawe, uwanja wa kuhesabiwa watu, handaki la kujikinga na mabomu. Kwenye Tempelhofer Feld huko Berlin, ambako wafanyakazi wa kulazimishwa wa kampuni ya Weser Flugzeugbau waliunganisha ndege za kivita za Ju 87, uchimbaji ulioanza 2012 ulikuta pia alama za aina hii zilizosalia chini ya nyasi.

Udongo mgumu wa njia na msingi wa kokoto huonekana kwa ukinzani wa umeme. Shimo lenye unyevu huonekana pia, kwa upande wa pili, kama eneo la ukinzani mdogo. Badilisha njia badala ya kurudia ileile.

Miamba nayo ina neno. Juu ya mawe ya moto wa volkano, kelele za ardhi yenyewe humeza alama dhaifu. Anayetaka kupeleka njia hizi kwenye kambi za Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni nchini Kenya, 1952 hadi 1960, mfano iliyokuwa kambi ya kazi ya Mweru huko Nyeri, ajiandae kwa hilo, na kwa jambo la pili, mwinamo wa uga wa sumaku. Ulaya ya kati uga wa sumaku wa dunia umeinama kwa kiasi cha digrii 65, hivyo shimo hujionyesha kama kilele chanya chenye kivuli kidogo hasi upande wa kaskazini. Karibu na Ikweta uga umelala, na kifaa kinachopima mwelekeo wa wima kitatoa doa chanya na doa hasi zinazokaribiana kwa nguvu, moja kusini na moja kaskazini. Kitu chenyewe kiko kati yake. Ukichimba chini ya kilele utakosa.

## Ukinzani: miraba haishikani, au namba zinarukaruka

Miraba ikionekana kama vigae vya rangi tofauti, kagua vijiti vya mbali, yaani jozi inayobaki imechomekwa mahali pamoja wakati jozi ya kutembea inapima. Kwa mpangilio wa vijiti pacha vyenye nafasi ya mita 0.5, vijiti vya mbali viwe angalau mita 15 kutoka kipimo chochote, ambayo ni mara 30 ya nafasi hiyo. Ukilazimika kuvihamisha, acha vijiti vya kutembea palepale vilipo, badilisha nafasi kati ya vijiti vya mbali hadi namba irudi ilivyokuwa, ndipo uendelee. Mvua ikinyesha katikati ya kazi, hakuna programu itakayoleta ulingano kamili. Rudia mstari mmoja wa mraba wa jana upate tofauti ya kuondoa.

Namba zinazorukaruka ni mguso mbaya: udongo mkavu, majani mazito, kifusi. Sukuma kijiti kifike sentimita 5 hadi 10, subiri kipimo kitulie, na nyoosha nyaya zisigusane na maji. Kwenye kifusi baadhi ya vipimo vitakuwa vya ovyo. Hapa kichujio cha vilele kinaruhusiwa, tofauti na sumaku.

Ramani iliyofifia sehemu nzima mara nyingi ni suala la majira. Baada ya miezi ya mvua kila kitu kimelowa sawasawa. Baada ya kiangazi kirefu kila kitu ni kikavu. Tofauti hujitokeza kati ya hapo, na shimo lililokuwa jeusi mwezi wa tano linaweza kugeuka jeupe mwezi wa tisa. Nafasi ya vijiti ya mita 0.5 hufika kina cha mita 0.5 hadi 0.75 hivi, msingi uliofukiwa kwa mita moja ya kifusi unahitaji nafasi ya mita 1. Na kipimo kila mita 1 hakitakamata nguzo za zege zenye upana wa sentimita 30. Weka mita 0.5 kwa 0.5, vipimo 1,600 kwa mraba wa mita 20, ukubali siku iwe ndefu.

## Rada: picha inakufa kwenye nusu mita

Mfinyanzi na chumvi humeza mawimbi. Kukuza mawimbi yaliyorudi kwenye skrini kunakuza kelele tu. Shuka kutoka antena ya megahezi 400 au 500 hadi 250 au 200; utapata kina na kupoteza undani. Kama bado picha inakufa, rada si chombo cha uwanja huo. Nyasi nazo zikatwe fupi: antena iliyoinuliwa sentimita 10 hupoteza nishati hewani kabla ya kugusa ardhi.

Mstari mlalo unaojirudia kwenda chini kama mwangwi ni chuma au zege lenye nondo. Kilicho chini yake hakionekani. Usichore "sakafu ya pili" kwa sababu ya mwangwi huo. Na kichujio cha kuondoa mandharinyuma, ambacho programu nyingi hukiweka bila kuulizwa, hufuta kila kitu kilicho bapa kwa urefu wote wa mstari. Sakafu ya zege ya jiko la kambi ni bapa. Angalia data ghafi kwanza.

## Rada: kina hakilingani na kilichochimbwa

Kina ni kasi mara muda, gawa kwa mbili. Mawimbi yaliyorudi baada ya nanosekunde 40 ni mita 1.6 kama kasi ni 0.08 m/ns, lakini ni mita 2.6 kama ni 0.13. Mchanga mkavu huwa kati ya 0.12 na 0.15, mfinyanzi uliolowa hukaribia 0.06. Kasi isitoke kwenye jedwali. Itoe kwa kulinganisha mkunjo wa haipabola (upinde ambao kitu kimoja huchora kwenye picha ya rada) ya kitu halisi kwenye mstari wako, bora jiwe, au bomba ambalo mstari unalikata kwa pembe mraba, na uangalie angalau haipabola tano.

Haipabola inayolingana na kasi ya 0.3 m/ns si ya ardhini. Hiyo ni kasi ya mawimbi hewani: umeona mti, ukuta, nyaya za umeme au gari. Katika misitu iliyopandwa juu ya kambi baada ya vita, hizi ni nyingi kuliko vitu vya kweli, na wasiojua huziita mashimo.

Kama vitu viko sawa kwa kina ila vimesogea kwa urefu, gurudumu la kupimia limedanganya. Tandaza utepe wa mita 20 juu ya nyasi zilezile za kazi, si juu ya lami, ulisukume na kulirekebisha.

## Laida inaonyesha msitu laini

Laida hupima uso wa ardhi kwa leza kutoka ndegeni, na hapa wingu la nukta zake limechujwa kupita kiasi. Programu inayotenganisha ardhi na mimea hudhani kingo za ghafla ni vichaka, na ukuta wa chini au ukingo wa handaki una kingo za ghafla. Omba nukta zote, si ramani iliyokwisha kutengenezwa, na uchuje upya kwa ulegevu. Ndege ipite majira ya baridi, majani yakiwa chini. Chora mwanga kutoka pande kadhaa: mtaro unaofuata mwelekeo wa mwanga hauna kivuli.

## Matabaka hayaoani

Picha ya 1944 inasema banda liko hapa, sumaku inasema mita 6 mashariki. Picha ya zamani iliyofungwa kwenye ramani kwa nukta tatu za njia panda hupinda; tumia nukta zisizopungua 8, zilizotawanyika, kwenye vitu visivyohama kama pembe za nyumba za zamani. Upande wa uwanjani, GPS ya RTK chini ya miti hutoa namba za kujiamini zenye kosa la mita. Weka vigingi viwili vya kudumu mahali pa wazi, kisha ingia msituni kwa totali stesheni (kifaa cha kupima pembe na umbali). Vigingi viwe vya mbao au plastiki, kwa sababu zilizokwisha elezwa.

## Doa linafanana na kaburi

Hapa ndipo pa kwenda polepole. Hakuna kifaa kati ya hivi kinachoona mifupa kwa uhakika. Vinachoona ni udongo uliovurugwa: mpaka wa shimo, tofauti ya unyevu, kuzama kwa uso. Baada ya miaka 80 tofauti hiyo hufifia, na udongo wa kichanga huficha zaidi.

Kwa kaburi la mtu mmoja lenye upana wa sentimita 60, mistari ya rada iwe kila sentimita 25, ili angalau miwili ilipite. Kwa nafasi ya mita 0.5 mara nyingi litapitiwa na mmoja tu, na alama ya mstari mmoja haina uzito. Pima kwa pande mbili zinazokatana. Tafuta kingo zilizosimama, chini palipo bapa, mwelekeo unaofanana na wa jirani zake, na thibitisho la kifaa cha pili. Vinavyodanganya ni mti uliong'oka na mizizi yake, shimo la askari, shimo la bomu, shimo la takataka, na mitaro ya wachimbaji waliopita. Hati za utafiti wa zamani ziombwe mapema kwa sababu hiyo ya mwisho.

Kuna pia makaburi matupu. Makaburi ya wafanyakazi pale Longis Common, Alderney, yalifukuliwa 1961 na miili ikapelekwa Mont-de-Huisnes nchini Ufaransa. Nchini Norway, mwaka 1951 serikali ilifukua makaburi ya wafungwa wa Kisovieti kaskazini na kuyakusanya Tjøtta. Shimo lililofukuliwa na kufukiwa tena huwa limevurugika kuliko kaburi ambalo halijaguswa, kwa hiyo alama yake inaweza kuwa kali zaidi. Ukali wa alama hauonyeshi kwamba mtu yumo. Tena kinyume chake ni kweli: ufukuaji wa enzi hizo haukuwa kamili kila mahali, na rejesta inayosema "yamehamishwa" haiondoi uwezekano wa mabaki.

Kwenye ripoti andika "eneo linalolingana na udongo uliovurugwa, mita 2.0 kwa 0.7, kina mita 0.4 hadi 1.1", na utaje vifaa vilivyokubaliana na visivyokubaliana. Neno "kaburi" liachwe mpaka kuwe na hati, mashahidi au uchimbaji. Panapoweza kuwa na Wayahudi, wasiliana na viongozi wao wa dini kabla ya kazi: halakha, sheria ya dini ya Kiyahudi, hukataza kuvuruga wafu, na ndiyo sababu mojawapo utafiti ulioanza Treblinka mwaka 2010 ulitumia kwanza njia zisizogusa ardhi. Hata vijiti vya ukinzani viulizwe. Vinaingia sentimita chache, lakini vinaingia.

Ramani yenye viwianishi vya maeneo hayo ipelekwe kwa mamlaka ya urithi na jumuiya zinazohusika. Toleo la umma lipunguzwe usahihi hadi mita 100 au zaidi, maana wawindaji wa vitu vya vita wenye vifaa vya kutafuta chuma husoma ripoti hizi kwa makini kuliko wanafunzi.